Kifungo Chenye Miguu

Fundi cherehani alikuwa anasuka nywele za bintiye. Mtoto huyo walimwita Kimulimuli, maana hatulii. Leo alijikuna sana nyuma ya sikio.

"Hebu tulia! Una nini hapa? Kifungo?"

Kifungo kile kilikuwa na miguu.

"Baba Kimulimuli! Mtoto ana kupe!"

Mumewe, mkata majani ya ng'ombe, ndiyo kwanza alikuwa anaingia. Alitupa koti lake la kazi kwenye kitanda cha mtoto, kama kila siku.

"Kupe ndiyo kelele zote hizo? Lete kiberiti. Nikimchoma kidogo ataachia mwenyewe."

"Acha hicho kiberiti!" Jirani yao, daktari wa mifugo, alikuwa mlangoni na suruali ya kupunguzwa. "Shemeji, unachoma kupe au sikio? Ukimchoma, au ukimpaka mafuta ya taa, anaweza kutapika ndani ya ngozi. Matapishi hayo huweza kuwa na ugonjwa. Fundi, kibano chako cha kutolea nyuzi kiko wapi?"

Fundi alikileta mbio.

"Mshike karibu kabisa na ngozi. Usimminye tumbo. Usimzungushe. Vuta taratibu, moja kwa moja."

"Kama uzi mbovu," fundi alisema. Akavuta, na kupe akatoka mzima.

"Osha hapo kwa sabuni, na mikono pia. Andika tarehe ya leo. Kwa wiki tatu, akipata homa, kichwa kikimuuma au akitoka vipele, mpeleke zahanati siku hiyohiyo. Na useme kuna kupe. Usiposema, watajuaje?" Daktari akatazama koti kitandani. "Na gari lililomleta kupe ni hilo koti."

Kuanzia hapo fundi hakutulia. Alimgusa mtoto paji la uso asubuhi, mchana, hata katikati ya mshono. Suruali ya daktari ikatoka mguu mmoja mfupi.

Siku ya tisa homa ikaingia nyumbani. Lakini Kimulimuli alikuwa anaruka kamba. Aliyelala ni baba.

"Malaria tu hii. Ninunulie vidonge."

"Inuka! Siku zote namkagua mtoto. Wewe nani amekukagua?"

Walipofika zahanati, fundi alisema hata kabla hajakaa: "Mume wangu anakata majani. Nyumbani tumetoa kupe."

Muuguzi alimpima malaria. Hakuna. "Legeza mkanda," akasema. Kiunoni palikuwa na kidonda kidogo chenye gamba jeusi. "Ugonjwa wa kupe huu. Mmewahi."

Baba akapewa dawa. Siku ya tatu ya kumeza dawa aliuliza panga lake liko wapi, arudi kazini.

Siku hizi anakwenda kazini suruali imeingizwa ndani ya soksi. Wenzake wanamwita Golikipa. Akirudi, koti linabaki nje, nguo zinaingia kwenye maji ya moto, naye anakwenda kuoga. Halafu fundi anamkagua: nywele, nyuma ya masikio, kwapani, kiunoni, nyuma ya magoti.

"Mama Kimulimuli, hata mpakani hawakagui hivi!"

"Geuka."

"Nimechoka, mke wangu."

Kimulimuli, kibano mkononi, akapiga mguu chini. "Baba, umeambiwa geuka!"

Golikipa akageuka.