Aliyeshika Kamba

Jua lilikuwa limeshajificha nyuma ya vilima vya Lufingo wakati Ambwene alipoondoka kwenda kwa fundi seremala kuazima tupa. Msumeno ulikuwa umekufa makali, na bila tupa kesho yake wasingefanya kazi. Alitoka bila kuaga. Akaruka mfereji, akashika njia ya migombani, akapotea.

Nsajigwa hakumwita. Tangu asubuhi walikuwa hawasemezani.

Wawili hao walianza kazi ya miti mwaka ule shamba la chai la serikali lilipouzwa na watu wakapunguzwa kazi. Wenzao wengine walifungua vibanda Bulyaga, wengine wakauza mitumba Tukuyu mjini. Wao walichukua kamba za katani, msumeno na panga, wakawa watu wa kuitwa kila palipo na mti unaotishia paa la mtu. Nsajigwa ndiye aliyepanda. Ambwene, shemeji yake, mdogo wa mkewe Sekela, ndiye aliyeshika kamba.

Na kushika kamba si jambo dogo. Ncha moja inafungwa kiunoni mwa anayepanda, kamba inapita juu ya panda ya mti, inateremka hadi mikononi mwa aliye chini. Wa juu akiteleza, uhai wake uko kwenye viganja vya mwenzake. Akivuta mara mbili, maana yake alegezewe. Hakuna kupanda kama mshika kamba hayupo. Sheria hiyo hawakuwahi kuivunja.

Nyumbani Ambwene alimwita "shemeji", kwa adabu zote za mtu na mume wa dada yake. Kazini adabu ilikwisha. Alimwita kwa jina tupu, na mdomo wake haukuwa na breki. Nsajigwa alishazoea. Matusi ya Ambwene yalimwambia kwamba kule chini kuna mtu, na mtu huyo yuko macho.

Siku hiyo walikuwa kwenye nyumba ya zamani ya meneja wa shamba. Sasa ilikuwa na mwenyewe mpya, mtu wa mbali, aliyetaka mkenge mkubwa wa uani uondolewe. Ulikuwa umeegemea nyumba, kwa hiyo haukuweza kukatwa shina ukaanguka tu. Ulitakiwa kushushwa tawi kwa tawi. Upande wake wa pili, kuelekea migombani, kulikuwa na makaburi ya watu waliokaa pale kabla ya chai. Majirani walijua kazi imeanza. Hakuna aliyekuja kukataza. Hakuna aliyekuja hata kusalimia. Walipita ng'ambo ya mfereji, kimya, wakiangalia mbele.

Asubuhi tawi moja lilimponyoka Ambwene kwenye kamba, likabembea, likapita karibu na kichwa cha Nsajigwa. Nsajigwa alimkaripia mbele ya Felista, mke wa mlinzi wa nyumba ile. "Unashika kamba kama unachunga mbuzi!"

Ambwene hakujibu kitu. Na Ambwene asipojibu, mambo yameharibika.

Sasa Felista alisimama mlangoni mwa jiko lake la mabati, mikono kiunoni, macho juu. Tawi kubwa, lililokatwa nusu kabla msumeno haujagoma, lilikuwa limening'inia juu ya jiko hilo.

"Baba, hili ndilo linalala hivi?" aliuliza. "Mimi napika hapa. Watoto wamo ndani."

"Halilali hivyo, dada. Nalifunga sasa hivi."

Tawi la kufunga halihitaji msumeno. Linahitaji kamba ya pili na mikono. Lakini lilihitaji mtu wa chini, na mtu wa chini alikuwa kwa seremala. Nsajigwa alijifunga kamba kiunoni ili awe tayari. Akainama kukaza viatu. Kiza kilikuwa kinaingia taratibu.

Kamba ikakazwa.

Kidogo tu... kama mtu anayekusanya ulegevu.

"Umerudi?" Nsajigwa aliuliza bila kugeuka. Pale Ambwene alikuwa anasimama nyuma ya shina, penye kisiki cha kuzungushia kamba, upande wa migomba. Kutoka pale alipoinama asingeweza kumwona.

"Panda," ilisema sauti ya Ambwene. "Nimeshika."

Nsajigwa alifurahi moyoni. Lakini kiburi kilimzuia kuzunguka shina akamtazame. Alisikia harufu ya udongo uliochimbwa sasa hivi, akadhani Felista anachimba viazi. Akapanda.

Kamba ilimfuata vizuri ajabu. Hakuna kushtuliwa, hakuna kucheleweshwa. Kila alipoinua mguu ulegevu ulishakusanywa. Katika miaka yao yote hakuwahi kushikiwa kamba namna ile.

Juu alifanya kazi yake haraka. Akazungusha kamba ya pili kwenye tawi lililokatwa nusu, akaipeleka kwenye tawi zima la juu yake, akafunga fundo, akalijaribu kwa uzito wake, akafunga jingine. Alipomaliza aliona ukungu umepanda kutoka bondeni. Ardhi haikuonekana. Paa la jiko lilibaki kivuli cheusi tu.

Akavuta kamba mara mbili.

Ikakazwa.

Akavuta tena mara mbili. Ikakazwa zaidi. Kifundo cha kamba kikamwingia mbavuni, akainuliwa, kifua chake kikabanwa kwenye panda ya mti. Hakuweza kupanda. Hakuweza kushuka. Alikumbatia shina, shavu kwenye gamba lenye unyevu.

"Ambwene! Legeza!"

Kamba haikulegea.

"Ambwene, unanibana! Legeza, nimemaliza!"

Kamba ililia... kwii... kwii... kama inayozungushwa taratibu kwenye kisiki. Halafu ikaja sauti ya chini, ya upole.

"Pumzika kwanza, shemeji."

Shemeji?

Kazini?

Baridi ilimwanza visigino, ikapanda magotini, ikafika tumboni. Haikuwa baridi ya ukungu. Ilikuwa na joto ndani yake, kama pumzi, na ilimpiga shingoni kwa vipindi. Inakuja... inakoma. Inakuja... inakoma. Alitaka kugeuza shingo. Shingo haikugeuka.

"Ya asubuhi yalinikosesha raha, shemeji," sauti ilinong'ona. Haikuwa inatoka chini tena. Ilikuwa imepanda na kamba. "Nilikosa mimi. Nisamehe. Achia mikono tu, nakushusha."

Kamba ikalegea kidogo, kiasi cha kumruhusu avute pumzi. Hayo ndiyo maneno aliyoyatamani Nsajigwa mchana kutwa. Kiburi chake kililainika. Akajiona yuko chini, wanapeana mikono, wanarudi nyumbani, Sekela ameshaivisha ndizi. Kidole kimoja kiliachia gamba la mti. Kikafuata cha pili.

"Nsajigwa!"

Sauti ilitoka ng'ambo ya mfereji, mbali, yenye kuhema.

"Nsajigwa, pumbavu wewe! Nani kakwambia upande?"

Ilikuwa sauti ya Ambwene.

Vidole vikarudi mtini vyenyewe.

"Usiisikilize," sauti ya upole iliwahi. "Majirani hao, wanakuchezea. Ndugu yako ni mimi. Si nimekushika?"

Kule kwenye mfereji palikuwa kimya. Kimya cha mtu aliyeona kitu. Ilipotoka tena, sauti ilikuwa inatetemeka.

"Kaa hukohuko! Shika mti, kichwa maji wewe! Ukiachia mkono nitakuzika mwenyewe, unasikia? Dada yangu nikamwambie nini? Boga wewe! Shika mti!"

"Achia, shemeji," ilinong'ona nyingine. "Mikono imechoka."

Na kweli ilikuwa imechoka. Ilikuwa inachoma mpaka mabegani. Nsajigwa alifumba macho. Sauti zilikuwa moja. Mkwaruzo wa koo ulikuwa mmoja, na hata lafudhi ya nyumbani ilikuwa moja. Mmoja alikuwa anamwomba msamaha na mwingine anamtukana, na miaka yote aliyofanya kazi na Ambwene hakuwahi kusikia amemwomba mtu msamaha. Angejikata ulimi kwanza.

Alichomoa panga kiunoni.

"Unafanya nini, shemeji?"

Akaikata kamba ilipokazwa zaidi, karibu na tumbo lake. Nyuzi za katani ziliachia moja moja, kisha zote kwa pamoja. Ncha ikapita juu ya panda kwa mvumo, ikatumbukia kwenye ukungu.

Alisikiliza ianguke.

Haikuanguka.

Badala yake, chini kabisa ya shina, kitu kilianza kukwaruza gamba. Kwaruu... kikatulia. Kwaruu... Kilikuwa kinapanda. Hakikuwa na haraka. Harufu ya udongo mbichi ikamjaa puani.

Njia ya kushukia ilikuwa ile ambayo kitu hicho kilikuwa kinaijia. Ilibaki moja: lile tawi lililokatwa nusu. Nsajigwa alijilaza juu yake kifudifudi, akaanza kujivuta kuelekea jikoni kwa Felista. Alipovuka mahali msumeno ulipokomea, tawi lilishuka ghafla. Kraa! Kamba aliyoifunga ikakazika. Fundo la kwanza likateleza. La pili likashika. Alibaki ananing'inia, anabembea na tawi, na nyuma yake kule kwenye panda, pale alipokuwa amebanwa, mtu alivuta pumzi ndefu, kama aliyefika.

Nsajigwa akajiachia.

Alianguka juu ya bati kwa kishindo kilichowafanya watoto wa Felista walie wote mara moja. Akateleza, akadondoka kwenye rundo la kuni. Felista alitoka na kijinga cha moto mkononi, akilitaja jina la Yesu. Ambwene alikuja mbio akizunguka nyumba, hakupita kwenye mti, tupa ameikamata kama kisu. Alimkwida Nsajigwa shati, akamtukana, akamkumbatia, akaendelea kumtukana huku machozi yanamtoka.

Walilala kwa mlinzi. Asubuhi ukungu ulipoondoka walikwenda kutazama. Gamba la mkenge lilikuwa limekwanguliwa upande wa makaburi, kuanzia mizizini hadi kwenye panda. Kamba haikuonekana. Hawakuipata chini, juu, wala mferejini.

Walipokuwa wanakusanya vyombo alipita bibi mmoja wa jirani, Atupokile, na karai la magimbi kichwani. Alikuwa mtu wa kwanza wa mtaa ule kuwasemesha.

"Ndaga, baba," alimpa pole Nsajigwa, akiutazama mkono wake uliovimba.

"Bibi," Ambwene alisema, "mmetufanyia nini?"

Bibi alitua karai.

"Watu walikasirika. Sikatai, na mimi nilikasirika. Watu wakikasirika pamoja bila kusema, pumzi yao inatembea. Inampata mtu, anapata baridi, anaumwa. Wazee wetu waliijua hiyo."

"Basi ni nyie."

Alitikisa kichwa, akauangalia mkenge, akashusha macho upesi.

"Pumzi haishiki kamba, mwanangu."

Akajitwisha karai lake akaenda zake, na kila walipomwita hakugeuka.

Kazi ile waliiacha. Mwenye nyumba alileta watu kutoka Mbeya, wenye misumeno ya petroli. Waliuzunguka mti, wakala chakula cha Felista, wakasema watarudi. Mkenge upo mpaka leo. Felista alihamishia jiko lake upande wa barabarani.

Nsajigwa na Ambwene waliendelea na miti ya chini, ile ambayo mtu akisimama kwenye ngazi anaifikia: miparachichi, nyua za watu, mikaratusi michanga. Hawakuizungumzia jioni ile. Mpaka siku moja, mvua imewafungia nyumbani Bulyaga, wanapukuchua maharage na Sekela yuko kwa jirani, Ambwene aliacha ganda mkononi akasema, "Nilimwona."

Nsajigwa aliweka chini maharage yake.

"Nilipofika kwenye mfereji. Alikuwa nyuma ya shina, kwenye kisiki. Alisimama ninavyosimama mimi. Mguu mmoja mbele, kamba imezunguka nyonga. Mgongo ule ni mgongo wangu, shemeji. Mtu anaujua mgongo wake hata kama hajawahi kuuona."

"Uso?"

"Hakugeuka. Namshukuru Mungu hakugeuka." Ambwene aliponda ganda kwa kidole. "Lakini nilimsikia. Wewe ulisikia anavyokubembeleza. Mimi nilisikia kingine, katikati. Kila nilipokutukana alikuwa anarudia kwa sauti ndogo. Pumbavu. Kichwa maji. Boga wewe. Taratibu, neno kwa neno. Kama mtu anayejifunza."

Mvua iliendelea kupiga bati. Nsajigwa alisimama akafunga mlango, ingawa ilikuwa bado mchana.

Siku hizi Ambwene akija kwa dada yake hapigi hodi, wala haiti jina la mtu. Anasimama uwanjani, palipo na mwanga, hata kama ananyeshewa, mpaka Nsajigwa atoke mwenyewe amwangalie uso.