Mtoto ni wa Kwenu

Jumamosi ya Overport jamani, saa nne asubuhi! Taxi zinapiga honi kwenye robot, taa za barabarani, saloon ya Annick imejaa mpaka mama mmoja anasukwa akiwa amekaa mlangoni. Gracieuse amesimama tangu saa moja, robe ya manjano chini ya tablier nyeusi, aproni ya saloon, miguu imevimba ndani ya sandale za dhahabu. Hapo ndipo akaingia mwanaume mrefu, koti la kahawia limekunjamana kama alilala nalo kwenye ndege, na kweli alilala nalo. Nywele zake, nyeusi zenye mvi, zinafika kiunoni.

"Jambo yenu, wamama. Iko mtu anaweza kunisuka? Moja tu, ya nyuma. Bega inauma, mkono haifiki."

Saloon nzima ikageuka. Kiswahili ya Bukavu kabisa, na sura haijulikani ya wapi!

"Weye ni Mchina?" Gracieuse akauliza.

"Hapana."

"Mmexico?"

"Mimi ni Mohawk."

"Hiyo si coiffure?" Akaonyesha picha ukutani, kijana amenyolewa pembeni, nywele zimesimama katikati. Wamama wakacheka mpaka machozi.

"Wazungu walichukua udongo yetu kule Canada, wakachukua na jina, wakaipeleka kwa kinyozi." Na yeye akacheka, kicheko cha mtu aliyechoka. "Ninaitwa Angus. Nilifundisha Bukavu miaka tatu. Sasa ninafundisha histoire hapa, université."

"Basi kaa, Prof. Inamisha kichwa."

Dakika tano, Prof amelala! Usingizi mzito, kichwa mikononi mwa mwanamke asiyemjua. Gracieuse alisuka polepole kuliko kawaida. Hakutaka kumwamsha.

Kuanzia siku ile, kila Jumamosi Angus yuko pale. Katikati ya wiki, simu.

"Chérie, umekula?"

"Nimechoka hata kutafuna. Weye?"

"Niko airport ya Johannesburg. Wamenisimamisha tena. Pasipoti yangu ni ya taifa letu, si ya Canada. Wanaigeuza, wanaiweka kwenye taa, wanaitana."

"Karibu kwa club, mon cher. Karatasi yangu ya refugee wanaigeuza hivyo hivyo kila nikienda ku-renew. Na darasani?"

"Mwanafunzi ameniuliza kama kwetu tunalala kwenye hema. Miaka ishirini, nchi saba, swali ni ile ile."

"Ukajibu nini?"

"Nikasema ndiyo, na wi-fi iko."

Gracieuse alicheka mpaka Annick akamkaripia.

Mwezi wa tano wa mapenzi yao, Jumapili mchana, chumbani kwake Gracieuse, akamwambia bila kuzunguka: "Angus, nina mimba."

Angus akakaa karibu yake. Macho yakajaa machozi. Akachukua mikono yake, akaibusu kidole kwa kidole, akasema: "Mtoto ni wa kwenu, chérie."

"Umesema nini?"

"Ni wa kwenu kabisa. Si wa kwetu."

Ayayaya! Miaka tatu Bukavu alijifunza kusalimia, kula bugali, kubishana bei ya samaki. Hakujifunza hili, maana kule hakumpa binti yeyote mimba. Kwa watu wa Gracieuse mtoto ni wa baba. Mwanaume akisema mtoto ni wa kwenu, amemkataa. Hataoa, hataleta ng'ombe, mzigo ubebe peke yako.

"Toka," Gracieuse akasema.

"Upumzike, sawa, nitapiga jioni..."

"Toka kwangu!"

Jioni akapiga, hakuna. Akatuma meseji, tick moja, haifiki. Siku tisa, tick moja! Kwenye saloon alikwenda, Annick akamsimamia mlangoni na kichana mkononi kama panga. Ndani Gracieuse anasuka, anakwenda nyuma kutapika, anarudi kusuka. Na wiki ile ile chuo cha kwao Angus kilimwandikia: rudi ufundishe watoto wa kwenu, tunataka jibu Ijumaa.

Ijumaa alijibu. Jumamosi simu ikalia, namba haijui.

"Weye ndiye Prof? Mimi ni Séverin, kaka yake Gracieuse. Kesho baada ya kanisa uko kwangu Pinetown. Usipokuja, nimepata jibu."

Alikuja. Séverin, mtu wa kiwanda, alikuwa ndani ya costume, suti inayong'aa, na viatu vya ncha. Gracieuse amejifunga pagne ya bluu, uso umegeukia dirisha.

"Ulisema mtoto ni wa kwetu?" Séverin akauliza.

"Nilisema."

"Umemusikia, yaya, kaka yangu?" Gracieuse akasimama. "Hata haya hana!"

"Ngoja nimalize, tafadhali. Kwetu mtoto anafuata mama. Mimi ni wa ukoo wa Dubu juu mama yangu ni wa Dubu. Baba yangu ni wa ukoo ingine, na mimi sikuwa wa huko hata siku moja. Mtoto wa Gracieuse ni wa Gracieuse. Nilikuwa ninamuheshimu." Sauti ikashuka. "Na ilikuwa inaniuma. Kwetu huyu mtoto hatakuwa na ukoo."

Séverin akajikuna kidevu. "Na kwetu, bila baba hana ukoo vilevile. Kwenu hana, kwetu hana. Sasa atakuwa mtu wa nani, wa Pinetown?"

Gracieuse akajaribu kuzuia kicheko, kikatokea puani. Halafu akalia.

"Juu ya nini hukunieleza hivi?"

"Nilichoka, chérie. Miaka ishirini ninaeleza watu sisi ni nani. Kwako nilifikiri nimefika, sielezi tena."

"Mimi ndiye ungeanza kunieleza, Angus. Mimi!"

"Ni kweli. Nisamehe." Akasogeza kiti karibu yake. "Kwetu waliniita nirudi kufundisha. Juzi nilikataa."

"Ukakataa, na simu nimekufungia?"

"Na simu umenifungia."

Séverin akajipiga makofi magotini. "Bon. Kwetu baba ndiye anatoa jina ya mtoto. Toa mbele yangu, maneno iishe, halafu tuongee ndoa."

Angus akatikisa kichwa, taratibu. "Siwezi. Kwetu jina inatoka kwa wamama. Mwanaume haigusi."

"Eish! Huyu mtu!"

Gracieuse akafuta macho kwa ncha ya pagne, akakaa wima.

"Kwenu mama ndiye anaamua jina?"

"Ndiyo."

"Na huyu mtoto ni wangu?"

"Wako kabisa."

"Basi mimi, mama yake, nimeamua. Jina ataitoa baba yake. Toa."

Prof akaipima ile hoja. Alitafuta kosa kwenye ile sheria, hakuliona. Akapiga magoti kwenye sementi, akaweka mkono juu ya pagne ya bluu, pale ambapo bado hakuna kitu kinaonekana, akasema jina polepole.

"Sauti, shemeji! Nani amesikia?" Séverin akafungua mlango na madirisha yote.

Angus akalisema tena, kwa nguvu, sauti ikipasuka, mpaka mtaa wote ukajua mtoto anaitwa nani, na baba yake ni nani.