Kioo Kilichochoka Mapema

Kila asubuhi mpiga picha alifungua studio yake, akafuta meza na kuwasha kompyuta. Kisha alichungulia ng'ambo ya barabara. Huko kulikuwa na studio ya wifi yake, dada wa mumewe. Kupitia mlango uliokuwa wazi, kioo cha kompyuta ya wifi kilimeremeta mpaka roho ikamuuma.

"Tulinunua siku moja, duka moja," alimwambia mumewe. "Mbona chake kinawaka na changu kimefifia kama jicho la mgonjwa?"

"Muulize. Ni dada yangu, hang'ati."

"Nimuulize ili anicheke?"

Hakuuliza. Meza yake ilikuwa mlangoni, na jua lilikipiga kioo usoni. Tangu mwanzo alikuwa ameongeza mwanga mpaka mwisho, akauacha hapo. Akienda kula, kioo kinawaka. Akifunga studio, kinawaka, ili wapita njia wakione. Wifi akione zaidi.

Basi mama mkwe akataka picha yake kubwa. "Kila mmoja wenu anitengenezee ya kwake," aliwaambia mpiga picha na wifi. "Nitakayoipenda nitaitundika sebuleni, juu ya televisheni."

Mpiga picha alijifungia kazini. Kwenye kioo kile kilichofifia, uso wa mama mkwe ulionekana mweusi. Akaung'arisha. Bado. Akaung'arisha tena. Alipochapisha, alimpelekea mbiombio, wifi asimtangulie.

Mama mkwe aliishika picha mkono mmoja, kisha mikono miwili.

"Mkwe wangu, pua yangu umeipeleka wapi?"

Wifi alikuwa ameketi pale pale. Alicheka mpaka akashika mbavu. Mpiga picha aliinuka kuondoka.

"Kaa, wifi," yule alisema, akijifuta machozi. "Kioo chako umekiweka mwanga kiasi gani?"

"Mpaka mwisho. Kama chako."

"Changu kiko nusu. Twende ukaone."

Walikwenda. Kweli, kilikuwa nusu. Meza ilikuwa ndani, mbali na mlango, na dirishani kulikuwa na pazia zito.

"Kwenye kivuli, mwanga mdogo unatosha," wifi alieleza. "Nyuma ya kioo kuna taa ndogondogo. Ndizo zinazokimulika. Kila zinapowaka zinachoka kidogo. Ukizisukuma mpaka mwisho, zinapata joto na kuchoka upesi. Zikishafifia, hazirudi zilivyokuwa."

"Mimi huweka ile michoro inayochezacheza kiooni nikiondoka."

"Michoro haisaidii kitu. Nyuma yake taa zinawaka vilevile. Iamuru kompyuta izime kioo usipoigusa muda mfupi."

"Haya yote nani alikwambia?"

"Niliwabana wauzaji mpaka wakasema."

Ndiyo, mpaka wabanwe. Siku ya kununua walisifu kompyuta hizo kutwa nzima, lakini hili hawakuligusa. Kwa nini waliguse? Kioo kikifa, mnunuzi atarudi kwao. Ndivyo walivyo tangu zamani, na sisi tusipouliza, tutaendelea kuwatajirisha.

"Na wewe mbona hukuniambia?" mpiga picha aliuliza.

"Ningekwambia saa ngapi? Hata salamu ulikuwa unanirushia kama jiwe."

Siku ile ile mpiga picha alihamisha meza, akatundika pazia na kupunguza mwanga. Kioo hakikurudia upya wake, lakini kivulini kilionekana vizuri. Kikaendelea kumfanyia kazi, na hakikuzidi kufifia kwa kasi ile. Alitengeneza picha upya. Safari hii pua ilikuwepo, na makunyanzi yote, na kile kicheko cha pembeni ambacho mama mkwe hudhani hakionekani.

Picha hiyo iko sebuleni, juu ya televisheni. Ya wifi imetundikwa kwenye ujia wa kwenda chooni.

"Mama, kweli yangu ndiyo ya huku?" wifi alinung'unika.

Siku hizi, kila asubuhi, pazia la wifi kule ng'ambo hufunguka kidogo. Mpiga picha huliona. Hupunga mkono, kisha huendelea na kazi.