Redio na Pumzi za Baba

Redio alipotoka shule hakuhitaji kuuliza kama baba yake yupo nyumbani. Akikata kona tu kuingia mtaani kwao, mkoromo ulikuja kumlaki. Baba alikuwa mwokaji katika kiwanda cha mikate. Alifanya kazi usiku kucha, akarudi asubuhi wenzake wakienda kazini, akalala mpaka alasiri. Na alipolala, mtaa mzima ulijua. Mama alikuwa fundi cherehani, na cherehani yake ilikaa sebuleni, ukuta mmoja tu kutoka kitanda cha Baba. Wateja wageni walishtuka na kuuliza kama kuna mtu anapasua mbao chumbani.

"Ni mume wangu, anapumzika," Mama aliwajibu huku akiendelea kukanyaga cherehani. "Huyo akilala ni pono."

Jina halisi la Redio lilibaki kwenye daftari la mahudhurio tu. Alikuwa msichana wa miaka kumi na miwili mwenye kipaji cha kuigiza sauti. Aliigiza kikohozi cha mwalimu mkuu, pikipiki inayokataa kuwaka, na jirani anayepiga chafya saba mfululizo. Hakuna aliyesalimika mdomoni mwake. Lakini mchezo uliopendwa kuliko yote ulikuwa mkoromo wa Baba. Hata Baba mwenyewe aliupenda. Alicheka mpaka akashika mbavu, kisha akasema, "Kukoroma ni dalili ya usingizi mtamu. Asiyekoroma anasinzia tu."

Jumamosi moja mchana Baba alikuwa amekwenda kwa kinyozi. Sebuleni walikuwepo wanawake wawili waliosubiri nguo zao, na daktari wa meno wa kliniki ya jirani, mwanamke mrefu asiye na maneno mengi. Alikuwa ameleta koti lake jeupe lipunguzwe mikono. Alisimama katikati ya chumba amelivaa, Mama akichomeka pini.

"Redio, hebu tufungulie stesheni ya baba yako," mmoja wa wale wanawake alisema. "Tumechoka kukaa."

Redio hakungoja kubembelezwa. Akajilaza kwenye benchi, akaachama mdomo, akaanza. Khrrr. Khrrr. Khrrrrr. Ghafla akanyamaza kimya. Akainua kidole kimoja juu, na wanawake wakaziba midomo kwa mikono kuzuia kicheko. Kisha, "Khaaa!" akavuta hewa kama mtu aliyeopolewa kisimani, na mkoromo ukaanza upya. Chumba kizima kikaangua kicheko. Mama alicheka mpaka pini zikamtoka mdomoni.

Daktari hakucheka.

"Binti," alisema, "hapo unaponyamaza. Ndivyo baba yako anavyofanya, au umeongeza chumvi?"

"Ndivyo anavyofanya, daktari. Sijaongeza kitu." Alitazama chini. "Ila nimepunguza. Yeye hunyamaza muda mrefu. Nikikaa kimya kama yeye, watu wanachoka kusubiri, hawacheki."

"Leo usipunguze. Toa pumzi yote kwanza, halafu nyamaza kama yeye anavyonyamaza."

Redio akatoa pumzi yote, akafunga mdomo. Mwanzoni ilikuwa rahisi. Daktari alitazama saa yake ya mkononi, na wanawake walitabasamu wakisubiri kichekesho. Kisha kifua kikaanza kumchoma Redio. Masikio yakavuma, macho yakamtoka. Aling'ang'ania mpaka akashindwa, akafungua mdomo na kuvuta hewa kwa pupa.

"Sekunde ishirini na mbili," daktari alisema. "Hapo ndipo baba yako naye huvuta pumzi?"

Redio alitikisa kichwa. "Hapana. Mimi siwezi kumfikia. Yeye huendelea."

Aliposikia maneno yake mwenyewe, aliketi wima kwenye benchi. Mara ngapi alikuwa amesimama mlangoni akijifunza mkoromo ule ili akauchezee wenzake? Alisikiliza vizuri kuliko mtu yeyote katika nyumba ile, lakini hakuwahi kujiuliza swali moja dogo: mtu aliyenyamaza hivyo, anapumua wapi? Hakuna aliyecheka tena. Mama alikuwa amesimama na mkono wa koti mkononi, asijue anaushikia nini.

"Kuna ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini," daktari alieleza. "Mtu akilala, misuli ya koo inalegea na njia ya hewa inaziba. Ubongo unaona hatari, unamgutusha avute pumzi, kisha anazama tena usingizini. Asubuhi hakumbuki chochote. Anajua tu kwamba amechoka."

"Lakini daktari, huyu analala saa saba nzima!" Mama alisema.

"Anakaa kitandani saa saba. Kulala ni jambo jingine. Jumatatu akilala, mpimieni kimya chake kwa saa, kisha mje naye kliniki."

Jumatatu shule zilikuwa zimefungwa kwa likizo, na Redio alikuwa nyumbani. Saa tano asubuhi alikaa kwenye kigoda karibu na kitanda cha Baba, amepakata saa ya mezani. Mama alisimama nyuma yake. Baba alilala chali, kifua kikipanda na kushuka, mkoromo ukitikisa glasi kabatini. Mara ukakatika. Redio akaanza kuhesabu kwa kunong'ona. Kumi. Ishirini. Kifua kilikuwa kinahangaika lakini hewa haikuingia. Thelathini. Midomo ya Baba ilianza kubadilika rangi, na Redio hakuwa amewahi kuliona hilo, kwa sababu siku zote alisikiliza tu, hakutazama.

"Arobaini," alisema, machozi yakimlengalenga. "Arobaini na moja..."

Mama alishindwa kuvumilia. Akamrukia mumewe na kumtikisa mabega kwa nguvu zote.

Baba akakurupuka. "Kuna nini? Moto?"

"Ulikuwa hupumui!" Mama alipiga kelele. "Umekaa bila pumzi mbele ya macho yetu!"

"Mbona nimelala vizuri tu," Baba alisema, akifikicha macho mekundu kama aliyekesha msibani. "Mnanikatisha usingizi kwa ajili ya hadithi za mtu wa meno? Ameacha magego, sasa anatafuta koo?"

"Baba, nimehesabu," Redio alisema. "Kila siku nilikuwa nauigiza ukimya wako kwa kuufupisha ili watu wacheke. Nisamehe. Leo nimehesabu wote."

Baba akamtazama binti yake. Mzaha ukamwisha usoni. Alikaa kitako, akasema polepole, "Lile shati nililokupa unishonee mkono wiki iliyopita, mama Redio. Nilikwambia limenaswa na msumari."

"Ndiyo."

"Haukuwa msumari. Ilikuwa mashine ya kukandia unga. Nilisinzia nimesimama. Mwenzangu aliwahi kuzima swichi."

Mama alikaa chini sakafuni. Yeye mwenyewe alikuwa ameushona mkono ule wa shati, akaupiga pasi, akaimba wimbo huku akiushona. Kisha akainuka, akasema jambo moja tu: "Mficha maradhi, kifo humuumbua. Vaa viatu, twende."

Kliniki Baba alipokelewa na daktari wa meno, ambaye alimwangalia koo, akampima shingo na uzito. Baba alitegemea kuambiwa aende hospitali kubwa akalazwe.

"Zamani ilikuwa hivyo," daktari alisema. "Mgonjwa alilala hospitali, mwili mzima umejaa nyaya, na usingizi wenyewe ukakimbia. Siku hizi kipimo kinakufuata nyumbani." Alimpa kifaa kidogo kinachotosha kiganjani. Kilikuwa na mkanda wa kufunga kifuani, mrija mwembamba wa kukaa chini ya pua, na kibanio cha kidoleni cha kupima hewa iliyo kwenye damu.

Baba alilala nacho siku moja. Kesho yake kifaa kilipelekwa kwa daktari bingwa wa koo hospitalini, na majibu yalipotoka wote watatu waliitwa. Daktari bingwa aligeuza skrini ili waone. Mstari ulikuwa umepanda na kushuka kama meno ya msumeno.

"Umekatika pumzi mara arobaini na sita," alisema.

"Kwa siku nzima?" Baba aliuliza.

"Kwa saa moja. Na kila saa ni hivyo hivyo."

Redio alifanya hesabu kichwani, arobaini na sita mara saba, kisha akaikatisha kwa sababu hakutaka kuimaliza. Baba alikuwa ameshika kiti kwa mikono miwili.

Daktari bingwa akawatuliza. Alisema ugonjwa huo unatibika. Wengine hutengenezewa na daktari wa meno kifaa cha kuvaa mdomoni, kinachovuta taya mbele. Watoto wanaokoroma mara nyingi huwa wamevimba mafindofindo. Lakini hali ya Baba ilihitaji mashine ndogo inayosukuma hewa kupitia barakoa ili koo lisizibe. Alitakiwa pia kupunguza uzito, kutolala chali, na kutogusa mashine yoyote kazini mpaka apate nafuu. Msimamizi wa kiwanda alipopewa barua ya daktari, alimhamishia upande wa kufungasha mikate.

Siku ya kwanza ya barakoa, Baba aliingia kulala saa tatu asubuhi. Mama alikuwa akishona. Baada ya muda mguu wake ukasimama juu ya pedali. Nyumba ilikuwa kimya, kimya ambacho hakijawahi kusikika pale tangu aolewe. Alimtazama Redio, Redio akamtazama. Wote wawili wakakimbilia chumbani, wakagongana mlangoni.

Baba alikuwa amelala ubavu. Mama akamwekea kiganja kifuani. Kikapanda, kikashuka. Kikapanda, kikashuka. Redio alihesabu pumzi mia moja, na hata moja haikukatika. Mama akajifunika uso kwa upande wa kanga na kulia kwa furaha.

Alasiri Baba alitoka chumbani akiwa na alama za barakoa mashavuni na macho meupe. Alikaa karibu nao akiwa na uso wa mshangao.

"Nimeota," alisema. "Miaka mingapi sijaota? Nilikuwa ninakanda unga."

"Hata ndotoni uko kazini!" Mama alisema, na wote wakacheka.

Kisha Baba akamvuta Redio karibu. "Mwanangu, kucheka si kosa, hata mimi nilicheka. Kosa langu lilikuwa kuficha, na lako lilikuwa kupunguza. Ulipoulizwa na daktari ungeweza kudanganya ili usionekane mbaya. Ulisema ukweli, ndiyo maana nipo hapa. Mwili wa mtu ukifanya jambo usilolielewa, liseme kwa mkubwa kama lilivyo, hata kama kila mtu analicheka."

"Ndiyo, Baba," Redio alisema, akajilaza kifuani mwake na kumsikiliza akipumua.