Kichupa Namba Arobaini na Moja

Friza ya maabara ile ilikuwa na baridi ya kunyofoa ngozi ya mtu aliyesahau glavu. Kwa hiyo Kamili alipovuta trei asubuhi ya Ijumaa na kukuta kichupa kimoja kina uvuguvugu, alidhani vidole vinamdanganya. Akakigusa tena. Kwa ndani kiliingia ukungu, kikatakata, kikaingia ukungu tena, taratibu, kama mtu anayepumua usingizini. Kibandiko chake kiliandikwa namba arobaini na moja. Akafunga mlango wa friza haraka na kuuegemea kwa mgongo.

Kamili halikuwa jina alilopewa na wazazi wake. Alibandikwa na wenzake watano wa mafunzo, vijana waliomaliza chuo juzi juzi, wanaofundishwa kutafiti virusi vya mafua na kifua. Kila siku walipita wodi ya watoto, wakamtia mgonjwa kijiti cha pamba puani, kijiti kikaingia kwenye kichupa, kichupa kikaenda kupimwa. Orodha za wenzake zilijaa mapengo: mtoto kalala, mama kakataa, kijiti kimeanguka. Ya kwake haikuwahi kuwa na pengo hata moja. Na kila Ijumaa mchana mwalimu wao, mama wa makamo mwenye sauti ya chini, aliwaketisha duara ili kila mmoja ataje kosa lake la wiki. Wenzake walitaja, wakachekwa, yakaisha. Zamu ya Kamili ikifika, yeye alisema, "Sina," na binti wa watu akavimba kichwa.

Sasa sikiliza alichokifanya Jumanne. Mashine ya vipimo iliwashwa mara moja tu kwa siku, saa sita, na zilikuwa zimebaki dakika kumi. Mgonjwa namba arobaini na moja, mtoto wa kiume wa miezi tisa, alikuwa peke yake katika chumba cha kutengwa. Mama yake alikuwa ameenda kutafuta maji ya moto. Mtoto alilia, akageuza uso, akakipiga kijiti teke. Kamili akaangalia saa. Akaangalia mlangoni. Kisha akachukua kijiti kipya, akakiingiza kwenye pua yake mwenyewe, na kichupa akakiandika namba ya mtoto.

Majibu yalitoka safi: hana virusi. Kwa majibu hayo daktari akamhamishia mtoto wodi kubwa, akaandika aruhusiwe Jumamosi, ingawa kifua kilikuwa kinazidi kubana. Mama mtu akamshika Kamili mikono yote miwili. "Mungu akubariki, mwanangu. Nilikuwa silali." Kamili alitamani ardhi ipasuke immeze. Lakini ardhi haikupasuka, naye akatabasamu.

Ijumaa ile mchana, wenzake walipokwenda kula, alisikia kikohozi ndani ya friza. Kikohozi kidogo, cha mtoto, kikifuatiwa na mluzi mwembamba wa kifua. Harufu ya maziwa yaliyochacha ikajaa chumba.

"Mbona umesawijika hivyo?" aliuliza mwenzake mmoja aliyerudi mapema.

"Hujasikia?" Kamili alinong'ona.

"Nisikie nini?"

Kwenye duara, zamu yake ikafika. Akasema, "Sina," na neno lile likamkata pumzi katikati, kana kwamba kuna aliyeivuta nusu iliyobaki.

Jioni shangazi yake, aliyemlea, alimwona anahema kama aliyepandishwa ngazi. Akambana mpaka akayatoa yote. Shangazi hakufoka, na hilo likamuuma Kamili kuliko kofi. Akamshika mkono mpaka kwa mganga wa mtaa wa pili, mzee aliyewapokea akiwa amevaa barakoa, maana jini hamwogopi lakini mafua anayaogopa sana.

Mganga alimsikiliza kifua bila kumgusa.

"Jini hilo lilikuwa tupu, linazurura pale kwenye baridi," alisema polepole. "Wewe ukalipatia pumzi yako kwa jina la mtoto. Sasa limebakiza kupata sura tu."

"Nifanye nini, babu?"

"Kesho kukipambazuka, umwendee mama yake. Umwambie kwa kinywa chako. Ukisema, pumzi inakurudia, nalo linakosa pa kusimama."

"Na nikichelewa?"

"Litamwendea lenyewe."

Jumamosi saa kumi na mbili na nusu Kamili alishafika. Akaketi kwenye benchi nje ya wodi, akayapanga maneno, akayapangua. Kupitia kioo cha mlango alimwona mama akikunja nguo za mwanawe huku anaimba kwa sauti ndogo, na aibu ikampanda kutoka miguuni mpaka masikioni, akaondoka akanawe mikono, akarudi, akaondoka tena, akajificha chooni akifikiria mwalimu atakavyomtazama na wenzake watakavyomwita kuanzia leo, akaona haya hata kwa kufikiria jina lake wakati kuna mtoto anabanwa na kifua, na alipopata nguvu ya kutoka mle, huku pumzi zikimfikia robo robo, ilikuwa saa tatu.

Wodini kulikuwa na harufu ya maziwa yaliyochacha. Kitanda kilikuwa kitupu.

"Mama," alianza, na machozi yakamwahi. "Mama, kuna jambo nilifanya..."

"Jamani, unalia tena?" Mama alimpangusa shavu kwa upindo wa kanga. "Si tumeshayamaliza? Umenipigia magoti hapa hapa muda si mrefu, ukaniambia ile pua iliyopimwa ilikuwa yako. Kwa kweli iliniuma. Lakini wangapi wangekuja kusema?"

Kamili alitaka kuuliza mtoto yuko wapi. Akageukia kitanda, akainua blanketi.

"Nimekusamehe, mwanangu, kwa moyo mmoja. Ndiyo maana nikakupa mtoto ukampime upya." Mama akatazama nyuma ya Kamili, kisha mikono mitupu ya binti huyo. "Haya niambie, majibu yanasemaje?"