Wimbo Mmoja, Sidii Moja

Kila asubuhi kinyozi alianza siku yake chumbani kwa mama yake. Mama alikuwa haoni tena, na miguu yake ilikuwa imeisha nguvu. Kutwa alilala kitandani. Raha yake iliyobaki ilikuwa muziki.

"Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba. Nipigie wimbo kabla hujaenda."

Juu ya kabati kulikuwa na redio kuukuu ya kupiga sidii. Haikuwa na mahali pa kuchomeka flashi. Kinyozi alitia sidii, akabonyeza kitufe, akatoka mbio kwenda kazini. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa ameshatangulia. Mchana mke ndiye aliyerudi kumlisha mama na kumbadilishia sidii.

Nyimbo zilitoka kwenye kompyuta ya kinyozi, kule kibandani kwake. Mteja akija na wimbo mzuri kwenye simu, kinyozi aliuchukua na kuurekodi papo hapo kwenye sidii tupu. Wimbo mmoja, sidii moja. Kesho yake wimbo mwingine, sidii nyingine. Alidhani dunia nzima inafanya hivyo, kama vile soda moja chupa moja.

Siku moja alipita dukani kununua kasha jipya la sidii. Muuza duka akalishusha, akalipangusa vumbi.

"Kinyozi, hili ndilo la mwisho."

"La mwisho wiki hii?"

"La mwisho kabisa. Siagizi tena. Siku hizi mnunuzi wa sidii ni wewe peke yako."

Moyo wa kinyozi ukalipuka paa! "Na maduka mengine?"

"Wenzangu waliacha zamani. Mimi nilikuwa nakuonea huruma tu."

Kinyozi alibeba kasha lake kwa mikono miwili. Sidii za zamani zilikuwa zimekwaruzika, hazipigi vizuri. Kasha likiisha, mama atasikiliza nini? Atalala katika giza na ukimya, mchana na usiku? Wazo hilo lilimtisha hata akapita kibanda chake bila kukiona.

Mtu aliyeshtuka hivyo ungedhani atajihadhari. Wapi! Alifika, akawasha kompyuta, akaanza kurekodi kwa kasi ya juu kabisa. Wakati huo huo kompyuta ile ile ilikuwa inawaonyesha wateja sinema. Sidii ya kwanza ikakwama katikati. Akaitupa kwenye ndoo. Ya pili ikakwama. Ya tatu ikamaliza, lakini alipoipiga ikawa inakatakata kama mtu mwenye kwikwi. Ndooni! Jioni akapeleka ndoo nyumbani. Mkewe akazimwaga sidii zile kwenye takataka nyuma ya nyumba, akatia moto.

Moshi mweusi ukapanda. Mara ukuta wa jirani ukatoa sauti.

"Jamani! Mnataka kutuua? Mnachoma nini humo?"

Alikuwa Mama Redio. Watu walimwita hivyo kwa sababu alifanya kazi miaka mingi katika kituo cha redio, chumba cha kurekodia. Alizunguka, akaingia uani bila hata hodi, kanga puani.

"Zima moto huo! Plastiki hiyo. Moshi wake ni sumu, na dirisha la mama yenu liko hapo juu!"

Mke wa kinyozi alitazama dirisha la mama mkwe wake. Lilikuwa wazi, na moshi ulikuwa unaingia. Akapiga yowe, akamwagia moto maji kwa pupa, nusu yakamwishia miguuni.

Mama Redio aliokota sidii moja iliyonusurika. Akaigeuza chini juu, akaiinamisha kwenye mwanga.

"Hii ina nyimbo ngapi?"

"Mmoja," alisema kinyozi.

"Mmoja!" Mama Redio alitoa macho. "Hebu njoo. Unaona hapa karibu na tundu la katikati? Kuna mstari wa duara. Ndani ya mstari rangi ni tofauti kidogo. Hapo ndipo palipoandikwa. Nje yake pote hapa ni patupu."

Kinyozi akaisogelea. Kumbe! Palipoandikwa palikuwa pembamba kama ukucha. Kwingine kote kuling'aa bila kuguswa. Akakimbilia ndani, akachukua sidii nyingine za mama, akazigeuza moja baada ya nyingine. Zote zilikuwa hivyo hivyo.

"Nimepoteza sidii tupu miaka yote hii?"

"Karibu tupu. Sidii moja hubeba muziki wa zaidi ya saa moja. Dakika themanini hivi."

"Basi nitaongeza nyimbo kwenye hizi."

"Huwezi, mwanangu. Ulishazifunga, yaani uliiambia kompyuta kazi imeisha, na sidii iliyofungwa haiandikiki tena. Redio kama ya mama yako haisomi sidii isiyofungwa, kwa hiyo kufunga ni lazima. Ndiyo maana usifunge kabla haijajaa. Kusanya nyimbo kwanza kwenye kompyuta. Haba na haba hujaza kibaba. Zikikaribia dakika themanini, rekodi zote kwa mpigo mmoja."

"Na zinazokwama?"

"Unarekodi kwa kasi gani?"

"Ya juu kabisa."

"Na kompyuta inafanya nini wakati huo?"

Kinyozi akatazama chini. "Inaonyesha sinema."

Mke wake akaangua kicheko. Mama Redio hakucheka.

"Kompyuta ikirekodi, iache ifanye kazi moja. Zima sinema, zima mtandao. Chagua kasi ndogo. Sikiliza kila wimbo kwanza, ujue ni mzima. Sidii ishike pembeni, usiipake vidole. Zilizoharibika usizichome. Mimi nazitundika kwenye bustani ya mboga, ndege wanaogopa mng'ao wake. Halafu jambo moja. Mama mwenyewe mmemuuliza anapenda nyimbo gani?"

Mume na mke wakatazamana. Hawakuwahi kumuuliza.

Wakaingia chumbani. Mama alikohoa kwa ule moshi, kisha akataja nyimbo alizozitaka, moja moja, akitabasamu.

"Na ule wa makelele ulioniletea juzi, baba, mpelekee adui yako."

Ilichukua siku kadhaa kuzipata nyimbo zote. Kinyozi alizisikiliza, akazipanga, akazima sinema. Wateja walinung'unika, akawaacha wanung'unike. Akarekodi kwa kasi ndogo. Sidii ikatoka nzima. Alipoigeuza, ule mstari wa duara ulikuwa umefika karibu na ukingo.

Asubuhi iliyofuata aliitia kwenye redio mama akiwa bado na usingizi. Hakumwambia kitu. Alitaka kumshangaza. Akabonyeza, akaenda kazini.

Lakini hakutulia. Je, itapiga mpaka mwisho? Baada ya kichwa cha mteja wa kwanza alifunga kibanda, akarudi nyumbani. Alipofika mlangoni kwa mama alisikia wimbo unaisha na mwingine unaanza. Kisha akasikia mama anaongea.

"Ahsante, baba. Huo nao ni mzuri. Ndio niliocheza na baba yako."

Kinyozi alichungulia. Hapakuwa na mtu mwingine.

"Mama, unaongea na nani?"

"Nawe. Si umekaa hapo tangu asubuhi unanibadilishia sidii? Nakuambia ahsante, huitiki. Nikajua umechoka na kazi."

Kinyozi akaingia ndani. "Mama, siku zote huwa..."

"Siku zote wimbo ukiisha najua umeshaondoka. Basi nangoja mchana. Leo hukuondoka."

Wimbo mmoja, dakika nne, halafu ukimya mpaka mchana. Alikuwa amehesabu sidii. Saa za mama yake hakuzihesabu hata siku moja. Machozi yakamtoka.

Ndani ya kasha la mwisho sidii zilikuwa bado nyingi. Kibandani wateja walikuwa wanangoja. Kinyozi akavua viatu, akakaa kitandani, akaushika mkono wa mama.

Wimbo ukaisha, mwingine ukaanza.

"Ahsante, baba."

"Karibu, Mama," aliitika kinyozi.