Kabla ya Filimbi ya Mwisho

Habari hii alinisimulia kwanza jirani yangu Suhara, hapa Malappuram, kusini mwa India, asubuhi baada ya fainali ya Kombe la Dunia la 2014.

Usiku ule mumewe Moidu, akivaa jezi ya Argentina aende kwenye skrini kubwa uwanjani, aliiona riwaya ya kutisha aliyoiazima Suhara maktaba ya kijiji.

"Marehemu Nabisa angeimaliza kabla ya filimbi ya mwisho," alisema. "Analamba kidole, anafunua, hata chai haikumbuki."

"Nenda kwenye mpira wako, bwana. Utanikuta nimeimaliza."

Wivu juu ya huyo mke wa kwanza wa Moidu ulimsomesha Suhara mbio. Zilibaki kurasa arobaini umeme ulipokatika. Alikiweka kitabu mezani, akapapasa kutafuta mshumaa. Nyuma yake, gizani, kurasa zilifunuliwa upesi, na kabla ya kila ukurasa ulimi ulilamba kidole. Spika za uwanjani, zilizotumia jenereta, zikatoa filimbi ya mwisho. Mezani kukawa kimya.

Umeme uliporudi, kitabu kilikuwa wazi kwenye ukurasa wa mwisho, pembe yake imeloa.

Moidu aliporudi aliigusa ile pembe, akakaa chini. Hakuuliza nani amemaliza.

Suhara na Moidu wangali hai. Nabisa tulimzika mwaka 2009.